Kanuni Inayokufa Ikijulikana

Mwaka 1993 jarida la Computational Linguistics lilichapisha makala ndefu ya watafiti wanne wa kampuni ya IBM: Peter Brown, Robert Mercer na ndugu mapacha Stephen na Vincent Della Pietra. Walionyesha kwamba kompyuta inaweza kutafsiri kati ya Kifaransa na Kiingereza bila kufundishwa sarufi. Walichukua kumbukumbu za Bunge la Canada, ambazo huandikwa kwa lugha zote mbili, wakaiacha mashine ihesabu yenyewe neno lipi huandamana na lipi, na kwa uwezekano gani. Hesabu ziliwekwa mezani zote, hatua kwa hatua, na wanafunzi wa kompyuta wakazisoma, wakazikosoa, wakazijengea ghorofa juu yake. Mwaka huohuo Brown na Mercer waliaga IBM wakahamia Renaissance Technologies, kampuni ya uwekezaji iliyoko Long Island, New York. Mapacha wakawafuata baadaye. Mbinu walizozitumia huko hazimo katika jarida lolote. Kinachojulikana ni mavuno: mfuko wa kampuni hiyo uitwao Medallion, kwa hesabu za mwandishi wa habari Gregory Zuckerman, ulizalisha wastani wa asilimia 66 hivi kwa mwaka kabla ya kukatwa ada, kuanzia 1988 hadi 2018. Vichwa ni vilevile na hesabu ni za ukoo mmoja. Zilipohusu lugha zikawa mali ya kila mtu, zilipohusu fedha zikatiwa kufuli.

Kufuli hilo ndilo fumbo la kazi ya mwanazuoni anayeshughulika na hesabu za fedha na akili mnemba (wengine huiita akili unde, ubishi wa jina tuuache leo). Daktari akigundua dawa ya homa, dawa haipungui nguvu kwa kuwa hospitali zote zimeisikia. Soko la hisa haliko hivyo. Linafanana zaidi na uvuvi. Mvuvi aliyekuta mwamba wenye changu na chewa haendi kuutangaza mnadani, maana kesho yake ngalawa ishirini zitakuwa juu yake, na baada ya wiki mwamba utabaki pale pale bila samaki. Ushahidi wa jambo hili umekwisha kupimwa. Mwaka 2016 David McLean na Jeffrey Pontiff, katika Journal of Finance, walizichukua ishara 97 ambazo watafiti waliwahi kutangaza kwamba hutabiri hisa zipi zitafanya vizuri, wakazifuatilia kuona zilikwenda wapi. Nje ya miaka ambayo mgunduzi aliitumia katika utafiti wake, faida ya ishara hizo ilishuka kwa asilimia 26. Baada ya utafiti kuchapishwa, ilishuka kwa asilimia 58. Sehemu ya kwanza ya anguko tunaweza kuihesabu kuwa bahati iliyodhaniwa ni elimu. Ile nyongeza iliyokuja baada ya kuchapishwa ni ngalawa ishirini.

Kwa hiyo kijana aliyehitimu shahada ya uzamivu katika fani hii anakutana na swali ambalo mwenzake wa botania halijui. Akigundua kitu cha kweli, kukichapisha ni kukiua, na kukificha ni kuacha kuwa mwanazuoni. Wengi husikia hapo kwamba chuo kikuu ni kituo tu cha kungojea basi la kwenda Wall Street, na wanaobaki ni wale waliokosa nafasi. Nadhani wanaosema hivyo wamelisoma fumbo nusu. Ipo elimu ya fedha isiyokufa ikijulikana, na baadhi yake huanza kufanya kazi hasa siku inapojulikana na wote. Elimu hiyo haina mnunuzi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuimiliki peke yake. Kuilima ndiyo kazi ya chuo kikuu, na mwanazuoni wa fani hii apimwe kwa mavuno hayo, wala si kwa utajiri aliouacha au alioukosa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bei ya haki ya kununua hisa. Mtu analipa kidogo leo ili apate haki ya kununua hisa fulani baadaye kwa bei iliyokwisha kukubaliwa. Je, haki hiyo yenyewe iuzwe kwa kiasi gani? Louis Bachelier alilishika swali hili Paris katika tasnifu yake ya mwaka 1900, akitumia hesabu za mwendo wa kubahatisha miaka mitano kabla ya Albert Einstein kuzitumia kwa chembe zinazoelea majini. Wakubwa wa hisabati waliona mada hiyo ni ya ajabu, naye akazunguka miaka mingi kabla ya kupata uprofesa wa kudumu huko Besançon mwaka 1927, akikaribia miaka 60. Katika miaka ya 1960 mwanahisabati Edward Thorp, aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha kuwashinda wenye kasino, alifika kwa njia zake kwenye kanuni iliyokaribiana sana na jibu. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuichapisha. Aliitumia kufanyia biashara, akafanikiwa sana. Fischer Black na Myron Scholes wao waliandika makala. Ilikataliwa mara mbili kabla ya Journal of Political Economy kuipokea na kuichapisha mwaka 1973, mwaka uleule ambao soko rasmi la haki hizo lilifunguliwa Chicago. Robert Merton aliitanua hoja, na mwaka 1997 yeye na Scholes walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Black alikwisha kufariki miaka miwili kabla.

Tazama sasa kilichotokea kwa kanuni hiyo baada ya dunia nzima kuijua. Haikufa. Wafanyabiashara wa Chicago waliitia kwenye vikokotoo vya mkononi, na biashara ambayo zamani ilikuwa ya kubahatisha na kukoromeana ikapata lugha moja ya bei. Sababu ni kwamba kanuni hii haitabiri kama hisa itapanda au itashuka. Kuhusu mwendo wa hisa, inahitaji kujua tu inayumba kiasi gani. Ni kipimo, na pishi haipungui ujazo kwa sababu kila muuza mchele anayo. Tena, kwa kuwa ilikuwa hadharani, hata ubovu wake ulionekana hadharani. Tarehe 19 Oktoba 1987 soko la New York lilianguka kwa zaidi ya asilimia 22 katika siku moja, anguko ambalo hesabu za kanuni ile zingeliita muujiza. Kuanzia hapo bei za haki hizo ziliacha kuifuata kanuni kama ilivyoandikwa, na watafiti wakaingia kazini kuirekebisha. Kanuni ya Thorp iliyofichwa ilimtajirisha Thorp. Haikuweza kukosolewa na mtu, kwa hiyo haikumfundisha mtu.

Akili mnemba imelifanya jambo hili kuwa zito zaidi, kwa sababu imerahisisha sana kazi ya kuzalisha ugunduzi wa uongo. Katika miaka ya 1990 David Leinweber, mtaalamu wa Marekani aliyeunganisha kompyuta na fedha, aliamua kufanya mzaha wenye funzo. Alipekua takwimu za nchi mbalimbali akitafuta chochote kitakachoonekana kuandamana na soko la hisa la Marekani, akakuta uzalishaji wa siagi wa Bangladesh. Siagi hiyo peke yake ilionekana kueleza asilimia 75 ya mwendo wa soko kwa miaka kadhaa. Alipoongeza jibini ya Marekani na idadi ya kondoo, ikafika asilimia 99. Alifanya hivyo ili watu wacheke, lakini wapo waliompigia simu kutaka takwimu mpya za siagi. Mashine za leo hupekua maelfu ya siagi kwa usiku mmoja. Campbell Harvey wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake Yan Liu na Heqing Zhu walihesabu mwaka 2016 sababu 316 zilizokwisha kudaiwa na watafiti kuwa hueleza faida ya hisa, wakasema kwamba kwa wingi wa majaribio yaliyofanyika, kipimo cha kawaida cha takwimu kimekuwa legelege na lazima kiinuliwe. Hitimisho lao ni kwamba nyingi ya sababu hizo yaelekea ni za uongo. Harvey hakuwa mlalamikaji wa pembeni. Aliwahi kuwa mhariri wa Journal of Finance, tena rais wa chama cha wanazuoni wa fedha wa Marekani. Aliye kileleni mwa fani alitumia kilele hicho kuishuku fani.

Yuko atakayesema kwamba mashine mpya zimevuka balaa hilo: zinatambua nyuso, zinaandika insha, zitashindwaje na hisa? Jibu zuri kabisa limetoka kwa wanaozipenda mashine hizo. Shihao Gu, Bryan Kelly na Dacheng Xiu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walizijaribu kwa hisa karibu 30,000 za Marekani kuanzia 1957 hadi 2016. Mitandao ya neva, aina mojawapo ya mashine hizo, ilizishinda mbinu za kale, na ushindi huo una thamani kubwa kwa mwenye fedha nyingi. Lakini soma tarakimu: katika mwendo wa hisa mojamoja mwezi hadi mwezi, mtandao uliofanya vizuri kuliko yote ulieleza takriban asilimia 0.4. Asilimia 99.6 iliyobaki ni kelele, kwa macho ya mashine angalau. Na mitandao yenye tabaka chache ilifanya vizuri kuliko yenye tabaka nyingi, kinyume cha mambo yalivyo kwenye picha na sauti. Sababu mbili zinatosha kulieleza hilo. Miezi ya miaka sitini ni 720 tu, wakati picha za paka hazina idadi. Halafu paka habadili sura kwa kuwa kompyuta imemtambua, bei hubadilika. Wauzaji wa programu za kutabiri soko zinazotangazwa mitandaoni hawana sababu ya kuitaja tarakimu ile ya 0.4, na ni nani wa kuitaja kama si mtu ambaye mshahara wake hautokani na mauzo hayo?

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la zamani: kama mnajua sana, mbona si matajiri? Ni ile kejeli ya mganga hajigangi. Kejeli hii ina uzito kwa sababu waganga walikwisha kujaribu. Merton na Scholes waliingia ubia katika mfuko wa Long-Term Capital Management ulioanza mwaka 1994, na mwaka 1998, hata kabla ya sherehe za Nobel kusahaulika, ulikuwa umepoteza zaidi ya dola bilioni 4 katika miezi michache, hadi tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani likazikutanisha benki kubwa zichange dola bilioni 3.6 kuuokoa. Upande wa pili yupo James Simons, aliyekuwa mkuu wa idara ya hisabati Stony Brook, aliyeondoka mwaka 1978 kwenda kufanya biashara, akawa ndiye mwasisi wa Renaissance na bilionea. Watu hupenda kutumia mfano wa kwanza kuonyesha kwamba maprofesa hawajui kitu, na wa pili kuonyesha kwamba wanaojua huondoka. Yote miwili inapima kitu kingine. Anguko la Long-Term lilitokana zaidi na ukubwa wa madeni waliyoyabeba kuliko ubovu wa kanuni zao, na utajiri wa Simons hauthibitishi elimu ambayo hakuna aliye nje ya uzio wake anayeweza kuikagua. Hatumuulizi mkaguzi wa mahesabu kwa nini hajatajirika kuliko kampuni anayoikagua. Tunamuuliza kama vitabu vimenyooka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mazungumzo ya hisa 30,000 yanaweza kusikika kama ya mbali, maana masoko yetu ya hisa ni madogo na wengi wetu hatuna hisa. Ila simu tunazo. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walizindua M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, nchini Kenya, na kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu wasio na dhamana, hati ya mshahara wala mdhamini wakawa wanapimwa na kikokotoo kinachosoma historia ya matumizi ya simu. Mkopo ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, ambayo ukiizidisha kwa miezi kumi na miwili inafika 90. Programu nyingine zikafuata, baadhi zikifyonza orodha ya majina yaliyomo kwenye simu na kuwapigia ndugu na wakwe wa mdaiwa ili kumwaibisha, hadi kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zikawataka wakopeshaji hao wapate leseni na kuwapiga marufuku kufanya hivyo. Hii ndiyo akili mnemba ya fedha inayogusa maisha ya mama ntilie na dereva wa bodaboda, na hapa suala la kutabiri soko halipo. Suala ni nani anakaguliwa, kwa kigezo gani, na nani anakikagua kigezo. Huko Marekani, Andreas Fuster na wenzake walichunguza mikopo ya nyumba wakakuta kwamba mbinu mpya za mashine, zikilinganishwa na hesabu za zamani, ziliwanufaisha kidogo wakopaji weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini kuliko wazungu. Mkopeshaji hana sababu ya kuchapisha matokeo ya namna hiyo.

Wenye programu wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema kigezo kikitangazwa, watu watakichezea. Ikijulikana kwamba kupiga simu nyingi jioni kunapandisha alama, nchi nzima itapiga simu jioni, na kigezo kitakufa kama ishara za McLean na Pontiff. Kwa maneno mengine, mkopo nao una ngalawa zake ishirini. Lakini hoja hiyo imejaribiwa, tena Kenya. Daniel Björkegren, Joshua Blumenstock na Samsun Knight walitengeneza programu ya simu iliyofanana na za mikopo, wakawalipa washiriki kulingana na namna kikokotoo kilivyozisoma tabia zao za simu, wengine wakiambiwa kanuni inavyofanya kazi. Naam, walioambiwa waliichezea. Watafiti hawakuishia hapo. Walipima kila tabia ni ghali kiasi gani kuigiza, wakaunda kanuni inayoegemea zaidi tabia ngumu kuigiza, na kanuni hiyo ikafanya vizuri kuliko ile ya kawaida pale ambapo watu waliijua. Ni kanuni iliyotengenezwa tangu mwanzo ikijua kwamba itajulikana. Sijui kama yupo mfanyabiashara ambaye angelipa gharama za jaribio hilo ilhali siri inamtosha.

Kuna pingamizi moja ambalo silioni likijibika kirahisi. Data si mali ya chuo kikuu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata iko mikononi mwa benki na kampuni za simu. Profesa anayetaka kuona lazima abishe hodi, na anayefungua mlango huchagua nani aingie na aone nini. Mtafiti atajifunza, bila kuambiwa, maswali gani hayaulizwi mara mbili. Ongeza hapo kwamba kamati za kupandisha vyeo huhesabu machapisho, na majarida hupenda "nimegundua" kuliko "nimetafuta sikuona", na utaelewa kwa nini ile orodha ya sababu 316 ilinona. Njia mojawapo ya kutoka ilionekana baada ya tarehe 6 Mei 2010, siku ambayo soko la Marekani liliporomoka karibu pointi 1,000 na kuinuka tena katika muda usiozidi saa moja, na watu wakaanza kutupia lawama mashine zinazonunua na kuuza kwa kasi. Andrei Kirilenko alikuwa mchumi ndani ya mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya mikataba ya bei za baadaye, kwa hiyo yeye na wenzake walikuwa na kumbukumbu za biashara ya kila akaunti. Walionyesha kwamba mashine za kasi hazikubadili mwenendo wao bei zilipokuwa zikianguka. Hilo ni jibu lisilomfurahisha aliyezilaumu wala aliyedai kwamba ndizo zinazoshika soko lisianguke. Ni mtu aliyekaa ofisi ya msimamizi tu angeweza kulisema kwa ushahidi. Lakini hata njia hiyo ina miba: mwaka 2012 mamlaka hiyohiyo ilisimamisha mpango wake wa watafiti kutoka nje baada ya kulalamikiwa kwamba data za siri zinaonekana kwenye makala za kitaaluma. Leseni za Kenya zinampa msimamizi mahali pa kusimama na kudai kumbukumbu. Kama ataweka wanazuoni karibu naye au atazifungia kabatini, hilo ni la kisiasa kuliko la kihesabu.

Mlango ukifunguka, huonekana mambo ambayo hata aliyeufungua hakuyatafuta. Tavneet Suri, Prashant Bharadwaj na William Jack waliruhusiwa kuziona alama za wateja wa M-Shwari, na ndani yake wakakuta mstari: kuanzia alama fulani mteja anapewa kiwango cha mkopo, chini yake anakosa. Karibu na mstari huo watu hawana tofauti ya maana, kwa hiyo ilikuwa kama jaribio lililopangwa bila mpangaji. Utafiti wao wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba theluthi moja hivi ya waliostahili walikopa, na kwamba familia zilizovuka mstari zilikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa pointi 6.3 za asilimia, wa kuahirisha matumizi muhimu zilipopata pigo kama ugonjwa. Wakopeshaji wamepata hapo la kujivunia, na wakosoaji wao wamepata la kufikiria. Walioulizwa maswali na watafiti walikuwa wa pande zote mbili za mstari, watu wa simu zilezile na shida zilezile, waliopishana kwa alama chache. Mmoja alipofungua menyu aliona shilingi anazoweza kukopa. Mwenzake aliona sifuri, na hakuwa na namna ya kujua kwamba kilichomtenga ni mstari, wala kwamba alikuwa ameukaribia hivyo.